Darubini Ikigoma: Vilengeo vya Chuma kwenye Bunduki ya Mbogo

Risasi ya .375 ya Holland & Holland ilipoingia sokoni 1912, wawindaji wengi wa Afrika Mashariki walikuwa wakilenga kwa chuma kitupu: ncha mbele ya mtutu na mfuo wa V nyuma yake. Darubini ilikuja kushika nafasi baadaye. Ilimwezesha mtu kumchagua mnyama kwa utulivu akiwa mita 150 au 200, na viwanda vingi vikaona hakuna haja tena ya kuhangaika na vilengeo vya chuma. Ndiyo maana bunduki nyingi mpya hufika zikiwa na mtutu mtupu. Darubini ikigoma, mwenyewe anabaki na rungu la bei mbaya.

Na darubini hugoma. Lami ya Barabara ya Morogoro, kutoka Dar es Salaam kupita Kibaha na Misugusugu, haiisumbui. Balaa huanza gari likiacha lami: saa nyingi za mtikisiko hulegeza skrubu, na bunduki ikianguka mara moja tu kutoka kwenye kiti, shabaha imehama. Hewa ya Pwani nayo ina unyevu, na kioo hupata ukungu asubuhi. Zaidi ya yote kuna umbali. Mbogo aliyejeruhiwa hujificha kichakani na kutoka akiwa hatua chache tu. Darubini iliyowekwa kukuza mara nne itamwonyesha mlengaji weusi wa ngozi, bila kumwambia kama ni bega au tumbo.

Si suala la watalii wa vitalu vya uwindaji peke yao. Kati ya 2002 na 2004, simba wala watu waliua watu wapatao 35 wilayani Rufiji, katika mkoa huuhuu wa Pwani. Bwana nyama anayetumwa kufuatilia mnyama wa namna hiyo kwenye mashamba na nyasi ndefu anafanya kazi ya karibu, mara nyingi mwanga ukiwa hafifu.

Jibu la kiufundi lililo bora lilishatolewa na Wacheki. Brno ZKK 602, bunduki iliyopata jina kubwa Afrika, ilitengenezwa kwa risasi kubwa kama .375 na .458. Sehemu ya juu ya mwili wake wa chuma ilichongwa mifereji ya kushikia darubini moja kwa moja, bila kipande cha kati. Juu ya mtutu kulikuwa na vilengeo vya kawaida. Katika matoleo ya mwanzo, ndani ya daraja la nyuma la mwili huo, kulifichwa pete ndogo ya kulengea yenye springi. Darubini ikitolewa, pete inainuka na bunduki iko tayari. Fundi aliyeibuni alifikiria darubini na akiba yake kwa pamoja, tangu chuma kikiwa hakijachongwa. Anayefunga vilengeo kwenye bunduki iliyokwisha kuundwa hana budi kufuata fikra hiyohiyo, na ndiyo maana kazi yake haianzii kwenye mtutu. Inaanzia kwenye vishikio vya darubini.

Vishikio vya skrubu vinavyodai bisibisi havifai. Vinatakiwa vya wenzo, vinavyofunguka kwa mkono mtupu, na vikirudishwa viirejeshe darubini palepale. Chini yake, vikalio viwe viwili vilivyoachana, viwe vifupi. Reli ndefu ya kipande kimoja hupendwa kwa uimara wake, lakini ikiwa nene huziba njia ya jicho: darubini imetoka, na bado huoni ncha ya mbele. Anayeng'ang'ania reli hiyo atalazimika kuinua vilengeo vyote viwili, na kilengeo kirefu hunasa matawi na kupinda.

Sasa mtutu. Tuchukue wa .375 wenye kipenyo cha milimita 16 karibu na mdomo. Tundu la risasi linachukua milimita 9.5, kwa hiyo kila upande inabaki milimita 3.25 tu ya chuma. Kikalio cha kilengeo cha mbele kikifungwa kwa skrubu, dreli inachimba ndani ya ukuta huo mwembamba, na kosa dogo la kina huharibu mtutu mzima. Kwa bunduki yenye mateke makali, mafundi wengi hupendelea pete inayovishwa mtutuni na kulehemiwa kwa bati. Bati lililochanganywa na madini ya risasi huyeyuka kwenye nyuzi 183 hivi za Selsiasi, joto lisilodhuru chuma cha mtutu. Kulehemu kwa fedha kunahitaji zaidi ya nyuzi 600, na huko chuma na rangi yake viko hatarini.

Urefu wa ncha ya mbele ni hesabu, haukisiwi. Mtutu hupungua unene kuelekea mdomoni. Ukiwa milimita 24 panapokaa kilengeo cha nyuma na 16 mbele, ncha ya mbele tayari inadaiwa milimita 4 za kufidia. Kisha umbali kati ya vilengeo unaingia. Vikiachana milimita 500, kila milimita moja ya kosa huihamisha risasi sentimita 10 kwenye shabaha ya mita 50. Kilengeo cha nyuma kikiwa pete iliyokaa kwenye daraja la nyuma, kama ya Brno, umbali unafika milimita 700 hivi na kosa lilelile linashuka hadi sentimita 7. Pete ina faida nyingine: jicho hujipeleka lenyewe katikati yake, na mlengaji hushughulika na ncha na mnyama tu.

Fundi mwenye busara huanza na ncha ndefu kupita kiasi. Ncha ndefu hupeleka risasi chini, na kila anapoipunguza kwa tupa risasi inapanda, hadi inapokaa mahali pake. Akianza na fupi, hana cha kuongeza. Kwenda kulia na kushoto kanuni ni moja: kilengeo cha mbele husogezwa upande ilikoangukia risasi, cha nyuma husogezwa unakotaka iende.

Kinachosahaulika zaidi ni kitako. Mgongo wake ukiwa umeinuliwa ili shavu lifike kwenye darubini, jicho haliwezi kushuka hadi usawa wa chuma, hata ukibana kichwa. Suluhu ni mgongo ulionyooka na wa wastani, uliochongwa kwa ajili ya chuma, kisha darubini ishushwe chini kadiri inavyowezekana bila kugusa mtutu. Vilengeo vya kuinamisha pembeni nyuzi 45 havina kazi hapa, kwani bunduki ya .375 iliyolazwa ubavu haikai begani sawasawa.

Yote haya ni ya fundi mwenye leseni. Silaha nchini inasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, na kuchimba mtutu uani si ukarabati.

Kazi ikikamilika, ithibitishwe kwa karatasi. Piga risasi tatu ukitumia darubini, itoe, piga tatu kwa chuma kwenye mita 50, irudishe, piga tatu tena. Kundi la kwanza na la mwisho lazima yakutane. Yasipokutana, kasoro iko kwenye vishikio, na huko ndiko pa kurudi kabla ya kugusa kilengeo chochote. Jaribio lirudiwe kila mwaka kabla ya msimu kufunguliwa Julai, tena kwa risasi zilezile zitakazobebwa porini: ya greni 270 na ya greni 300, zote za .375, hazina ahadi ya kutua mahali pamoja.