Neno "Kudhibiti" na Mwanzo wa Unukuzi wa Jeni

Istilahi ya sayansi hupimwa kwa namna inavyomwongoza msomaji asiye na kamusi mkononi. Katika biolojia, Kiswahili kimepokea sitiari ya kazi ya uandishi: maelezo ya jeni hunukuliwa kutoka DNA kuwa RNA, kisha hutafsiriwa kuwa protini. Sitiari hii inafaa, ila haisemi ni nani anayemruhusu mnukuzi kuanza. Mnukuzi ni kimeng'enya kiitwacho polimerasi ya RNA. Wenye amri ni protini nyingine zinazojishikiza kwenye DNA, karibu na mwanzo wa jeni au mbali nao.

Kuziita "protini dhibiti" kuna kasoro. Katika matumizi ya kawaida, kinachodhibitiwa huzuiwa: moto, wizi, magendo. Kumbe katika chembe zinazozaa chembe nyekundu za damu, protini KLF1 huhimiza unukuzi wa jeni ya beta-globini, ilhali BCL11A huzima jeni za gamma-globini, zinazohitajika kwa himoglobini ya kijusi. Neno lenye sura ya kuzuia halibebi kazi zote mbili.

Suala hili si la wanaisimu peke yao. Huko Dilolo, katika jimbo la Lualaba, biolojia ya sekondari hufundishwa kwa Kifaransa, lakini nyumbani mambo huelezwa kwa Kiswahili au Kichokwe. Mtoto mwenye selimundu, ugonjwa ambao wasomi wa Kongo huuita drepanositozi, huzaliwa akionekana mzima kwa kuwa himoglobini ya kijusi bado inamkinga. Maumivu huja miezi kadhaa baadaye, kinga hiyo inapopungua. Asiyeelezwa kwamba jeni za gamma zimezimwa huweza kudhani ugonjwa umeingia kutoka nje, na lawama ikamwangukia mama. Ukweli ni kwamba jeni zenye hitilafu hutoka kwa wazazi wote wawili. Aidha, tiba iliyoidhinishwa Uingereza na Marekani mwaka 2023 hupunguza utengenezaji wa BCL11A: humzuia mzuiaji, na himoglobini ya kijusi hurejea. Neno "dhibiti" halionyeshi hatua hizo mbili.

Hivyo basi, jina la jumla lingefaa kuwa "protini ratibu", na chini yake ziwepo aina mbili: "kihimizi" na "kizuizi". Neno la pili linajulikana tayari. La kwanza limeundwa kwa kanuni ileile, na mzazi wa Dilolo hatahitaji kamusi kulielewa.