Gumba la Mwenda Jean-Bosco

Wandugu, kwetu Katana mtu akipiga gitari mbio mbio ku arusi, wote tunasema: "Huyu fundi!" Mimi sikubali. Sikilizeni "Masanga", ile Hugh Tracey alirekodi mwaka 1952 kule Jadotville, leo Likasi. Ni Mwenda Jean-Bosco, gitari moja kavu, vidole viwili. Gumba linatembeza besi chini, kidole cha shahada kinapiga wimbo juu, kila kimoja na mwendo wake. Unaweza kuapa wapigaji wako wawili. Haraka haiko pale, iko mazungumzo.

Docteur Nico wa African Jazz naye aliendeleza kazi hiyo: waimbaji wananyamaza, gitari yake inasema.

Leo ku sebene atalaku anafunika yote kwa kelele. Kijana wetu anafanya mazoezi miaka na miaka, halafu sisi tunakumbuka tu yule aliyeita majina ya watoa pesa. Jina la mpiga solo hatulijui hata.

Basi, ku feti yetu ya promosheni, tumwombe atalaku dakika tano tu za kunyamaza. Na mpiga solo tumtaje kwa jina.