Lazima, Yapasa na Hiari: Uhakiki wa Tafsiri ya Mwongozo wa Barua Pepe

UTANGULIZI

Miongoni mwa kazi zilizoletwa mezani petu ili zikaguliwe istilahi zake umo mwongozo mmoja wa kuendeshea seva za barua pepe, uliotafsiriwa kwa Kiswahili kwa matumizi ya mafundi na wakaguzi wa taasisi moja ya umma. Hatuna haja ya kuitaja taasisi hiyo, kwani kosa tunalokusudia kulijadili si la mfasiri mmoja. Ni letu sote tuifanyao kazi hii. Mfasiri amejitahidi. Sentensi zake zasomeka bila taabu, na istilahi kama itifaki, seva na anwani amezishikilia kwa maana moja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, jambo ambalo wafasiri wengi hulidharau. Hata hivyo, kazi yote imetiwa dosari na neno moja ambalo hakuna aliyelidhania kuwa ni istilahi. Neno lenyewe ni "lazima".

1. AMRI AU MAKUBALIANO?

Kabla ya kulipima neno hilo, hatuna budi kueleza ni maandishi ya namna gani yaliyokuwa yakitafsiriwa. Intaneti haina serikali yake wala askari wake. Ni maelfu ya mitandao, kila mmoja na mwenyewe, iliyokubali kusemezana kwa taratibu zilizoandikwa mahali pa wazi. Taratibu hizo hutolewa katika mfululizo wa nyaraka zijulikanazo kwa ufupisho RFC, ambao maana yake ni "Ombi la Maoni". Waraka wa kwanza una tarehe ya 7 Aprili 1969, na mwandishi wake ni Steve Crocker, aliyekuwa wakati huo mwanafunzi wa shahada ya juu katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles. Yeye na wenzake walikuwa vijana wasiokuwa na madaraka ya kumwamrisha mtu, na jina hilo la unyenyekevu lilichaguliwa kwa makusudi, ili asiwepo wa kudhani kuwa mlango wa hoja umefungwa.

Leo nyaraka hizo zimepita 9,000, na mtu yeyote anaweza kuzisoma bila malipo. Si zote zilizo viwango. Nyingine ni maelezo, majaribio, au historia tu. Zile zilizo viwango huandaliwa katika jumuiya iitwayo IETF, iliyokutana kwa mara ya kwanza Januari 1986. Jumuiya hiyo haina orodha ya wanachama, wala haipigi kura ili kuamua jambo la kiufundi. Neno hupita pale washiriki wanapokubaliana kwa ujumla baada ya hoja za wapinzani kusikilizwa na kujibiwa, na heshima kubwa hupewa programu ambazo zimekwisha kuonekana zikifanya kazi pamoja. Baada ya hapo hakuna anayelazimishwa. Mwenye seva hufuata kiwango kwa sababu asipokifuata hataelewana na wenzake.

Kwa hiyo mfasiri wetu alipoziita nyaraka hizi "Amri za Intaneti" alikwishapotoka mlangoni kabla ya kuingia ndani. Amri ina mwenye kuiamrisha, na hapa hayupo. Ombi la Maoni ni jina refu, lakini ndilo la kweli.

2. AYA MOJA, UZITO WA NAMNA TATU

Mahali pasipo na askari, maneno ndiyo yanayobeba kazi yote. Kwa sababu hiyo mwezi Machi 1997 ulitolewa waraka wa 2119, ulioandikwa na Scott Bradner wa Chuo Kikuu cha Harvard, kueleza uzito wa maneno ya kuagiza. Neno "must" limepewa maana ya sharti lisilo na msamaha. Neno "should" ni la jambo ambalo mtu huweza kuliacha akiwa na sababu ya haki katika hali fulani, ila ni juu yake kwanza kuyaelewa na kuyapima matokeo ya kuliacha. Neno "may" ni hiari kamili. Lakini asiyeichukua hiari hiyo analazimika kuelewana na yule aliyeichukua. Waraka huo unawaonya pia waandishi wayatumie maneno haya kwa uchache, pale tu yanapohitajika ili mitambo ipate kuelewana au madhara yaepukwe, wala yasitumiwe kumshurutisha fundi afuate njia moja pasipo haja.

Sasa tuitazame aya moja ya waraka wa 5321 wa Oktoba 2008, ambao ndio kiwango alichokuwa akikitafsiri mwenzetu. Aya hiyo yahusu barua iliyoshindikana kufika. Yasema mambo matatu kwa uzito wa namna tatu. Mosi, seva inayotuma ni lazima isubiri kabla ya kujaribu tena. Pili, kwa kawaida yapasa isubiri dakika 30 au zaidi. Tatu, kwa taarifa za kushindikana kwa barua, huenda ikafaa kupunguza idadi ya majaribio, na hilo ni hiari.

Hekima ya mpangilio huu inaonekana dhahiri. Seva inayorudia kubisha hodi bila kupumzika humwelemea mwenzake ambaye pengine anahangaika kusimama baada ya kuanguka. Basi kusubiri hakuna msamaha. Lakini kusubiri muda gani, hilo hutegemea hali ya mtandao, na waraka wenyewe unakiri kwamba mipango yenye kubadilika huleta faida. Mwongozo wetu umeandika "lazima" mara tatu. Matokeo yake ni kwamba fundi aliyeweka dakika 15 kwa jaribio la kwanza, kwa kuwa ameona kwamba vikwazo vingi huondoka upesi, ataandikwa na mkaguzi kuwa mvunja kiwango, hali yeye amekifuata kuliko mkaguzi mwenyewe. Nafasi ya kufikiri aliyoachiwa na kiwango amenyang'anywa na tafsiri.

Kosa la pili ni kubwa zaidi. Waraka huo huo unasema kwamba seva ikiisha kuipokea barua inakatazwa kabisa kuipoteza kwa sababu za kipuuzi, kama vile mashine kuanguka baadaye. Hapa asili ya Kiingereza imekanusha "must", na mfasiri naye akakanusha "lazima". Akaandika: "Si lazima seva iipoteze barua." Msomaji ataelewa nini? Ataelewa kwamba seva ikipenda itaipoteza, isipopenda itaihifadhi. Katika Kiingereza kukanusha sharti hilo huzaa katazo; katika Kiswahili huzaa ruhusa. Katazo lililo nguzo ya uaminifu wa barua pepe yote limegeuka kuwa hiari.

3. MIZANI TULIYO NAYO

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili hakina daraja hizi, kwa hiyo mfasiri asilaumiwe. Hoja hiyo haina nguvu. Mtoto wa chuoni katika miji ya pwani hujifunza mapema kupambanua faradhi na suna, na kujua kwamba makuruhi si haramu. Hatupendekezi maneno hayo yaingizwe katika ufundi, maana yana mahali pake pa heshima. Tena hayalingani sawasawa, kwani aachaye suna hadaiwi sababu, na aachaye jambo la "should" anadaiwa. Tunachosema ni kwamba wasemaji wa lugha hii wameipima wajibu kwa daraja kwa karne nyingi. Mizani ipo, tumeacha kuitumia.

Lawama nyingine ni ya mazoea ya ofisini. Katika barua zetu tumezoea kuandika "unatakiwa", "unapaswa", "unaombwa" na "lazima" kana kwamba ni neno moja, na mpokeaji hutambua uzito wake kwa kuangalia cheo cha aliyetia sahihi. Nyaraka za intaneti hazina cheo cha kutazamwa. Uzito wote umo ndani ya neno lenyewe.

4. MAPENDEKEZO

Kwa kila neno la asili tunapendekeza neno moja la Kiswahili, lisibadilishwe kwa ajili ya kupamba sentensi. "Must" iwe lazima, na katazo lake liwe marufuku. "Si lazima" isitumike kabisa mahali hapo. "Should" iwe yapasa, na ukanushi wake haipasi. "Inashauriwa" tumeiacha kwa kuwa yamfanya msomaji aone kwamba anaweza kupita bila kutoa sababu. "May" iwe ni hiari. "Inaweza" haifai, kwa kuwa ina maana mbili: yaweza kueleza ruhusa, au uwezo wa mtambo.

Maneno haya yana manufaa mengine. Hayadai upatanisho na ngeli ya mtenda, hivyo hubaki na umbo moja popote yawekwapo. Mwaka 2017 waraka wa 8174 ulifafanua kwamba maneno ya asili huwa na uzito maalumu pale tu yanapoandikwa kwa herufi kubwa zote. Sisi pia tunaweza kuandika LAZIMA, YAPASA na HIARI, na msomaji akatambua mara moja kwamba hapa maneno yamepimwa.

HITIMISHO

Viwango vya intaneti vimeweza kuunganisha mitambo ya watu wasiojuana kwa sababu vilitenga machache yasiyo na msamaha na mengi yaliyoachiwa busara ya fundi. Tafsiri inayoyafanya yote kuwa amri humfanya fundi wetu mtumwa wa jambo ambalo wenziwe duniani wanalijadili, na inayogeuza katazo kuwa ruhusa humpotezea mwananchi barua yake. Mwongozo tuliouhakiki umerudishwa kwa mfasiri pamoja na maelezo haya, naye ameanza kuusahihisha. Mapendekezo yetu si ya mwisho. Walimu wa vyuo vya ufundi na wafasiri wenye maneno bora kuliko yapasa wanaombwa watuletee pamoja na sababu zao.