Daraja, Msimu na Posho: Istilahi za Ligi Katika Njia ya Tabora

Tarehe 16 Agosti 2023 timu ya Kitayosce, iliyokuwa imepanda Ligi Kuu ya Tanzania Bara na ambayo baadaye ilikuja kuitwa Tabora United, iliingia uwanjani Chamazi kupambana na Azam ikiwa na wachezaji wanane tu. Mchezo ulikoma kiasi cha dakika ya 15, Azam ikiongoza kwa mabao manne, kwa kuwa wachezaji wa Kitayosce walipungua wakawa chini ya saba, na sheria za kandanda haziruhusu mchezo kuendelea hivyo. Timu iliyoanza msimu namna hiyo iliumaliza katika michezo ya mchujo, ikanusurika kushuka daraja. Tumeuchagua msimu huo si kwa ushabiki, bali kwa sababu kila hatua yake ina neno lake, na si kila neno linatimiza kazi yake.

Tuanze na daraja. Neno hili halina kasoro: daraja ni ngazi, na ngazi hupandwa na kushukwa. Hadi msimu wa 2020/21 ligi ya ngazi ya pili iliitwa Daraja la Kwanza, na ya ngazi ya tatu Daraja la Pili. Tangu msimu wa 2021/22 ile ya pili imeitwa Championship, na ile ya tatu First League. Mfasiri asiyeijua historia hii atafasiri jina la mwisho neno kwa neno, naye msomaji atadhani inasemwa ile Daraja la Kwanza ya zamani, ambayo ilikuwa ngazi moja juu. Kosa la namna hii likiingia katika mkataba au barua ya ofisi, si kosa la lugha tu tena; linagusa haki ya mtu. Tunapendekeza kwamba kila jina la ligi liandikwe pamoja na ngazi yake.

Kuhusu msimu na nahodha hatuna ugomvi. Msimu ni neno la pepo zilizoleta na kuondoa majahazi, na nahodha alitoka chomboni. Bara limeyapokea yote mawili bila taabu. Lakini njia ya misafara, kutoka Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, nayo ilikuwa na msamiati wake, na neno lake moja tungali nalo: posho.

Mpagazi wa Kinyamwezi wa karne ya 19 alipatana ujira, mara nyingi wa nguo, kwa kuufikisha mzigo mwisho wa safari. Posho ilikuwa kitu kingine: chakula, au nguo na shanga za kununulia chakula, cha kumwezesha kuifikia kambi ya mbele. Tajiri aliyetoa posho hakuwa amelipa ujira, na pande zote mbili zilijua hivyo.

Leo twasikia "mchezaji wa kulipwa" na "ligi ya kulipwa", katika kandanda na katika mpira wa kikapu vilevile. Istilahi hiyo haisemi hulipwa nini. Yule apewaye nauli na chakula cha kambini huingizwa katika fungu moja na mwenye mshahara wa mkataba. Sisi twaona "kulipwa" litumike pale tu penye mshahara uliokubaliwa, na posho ibaki kwa matumizi ya safari na kambi.

Huenda tukaambiwa kwamba maana ya posho imekwisha kupanuka. Ni kweli, lakini haijapanuka hata ikaumeza mshahara. Mtumishi wa serikali asomaye kurasa hizi hawezi kukubali posho yake ya safari ihesabiwe kuwa mshahara wa mwezi. Basi na amwandikie mchezaji kama ambavyo angependa kuandikiwa yeye.