Mgomo, Ukimya na Kinu: Uasi wa Raia kutoka Bukavu hadi Kamituga

Utangulizi

Uhakiki wa fasihi ya Kiswahili umezoea kuutazama mgomo kama kilele cha ufahamu wa kitabaka. Mhusika huanza akiwa hajui kiini cha dhiki yake, hufumbuliwa macho na wenzake, hujiunga na chama, na hatimaye hukunja mikono pamoja nao. Mpangilio huo umegeuka kuwa kipimo. Kazi inayoufuata husifiwa kuwa ya kimaendeleo. Isiyoufuata huambiwa kuwa ina ufahamu hafifu. Makala haya yanakihoji kipimo hicho kwa kukipeleka Kivu Kusini, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, mahali ambapo Kiswahili ni lugha ya soko, ya kanisa na ya machimbo, lakini ambapo wahakiki wa mwambao na wa vyuo vikuu vya Afrika Mashariki hawajazoea kutafuta mifano yao.

Mgomo katika Kuli na Kilio cha Haki

Kazi mbili zinatosha kuonyesha mpangilio unaohusika. Katika Kuli (1979), riwaya ya Adam Shafi Adam, msomaji anamfuata Rashidi, kijana anayeingia kazi ya ukuli katika bandari ya Unguja na kukomaa hadi mgomo wa mwaka 1948, tukio la kihistoria lililoanzia bandarini na kuenea mjini. Katika Kilio cha Haki (1981), tamthilia ya Alamin Mazrui, mwanamke aitwaye Lanina anawaongoza wafanyakazi wa shamba la mlowezi Delamon.

Tofauti zao ni nyingi, lakini kazi hizi zina msingi mmoja: mshahara. Mwajiri anajulikana kwa jina na kwa sura. Kazi ina mahali pake maalumu, bandari au shamba, na mfanyakazi akiacha kufanya kazi, hasara inamfikia mwajiri siku hiyohiyo. Kwa sababu hiyo mgomo una sauti hata pale watu wanaponyamaza, maana shehena isiyopakuliwa inamsemea kuli. Nguvu ya kisanaa ya kazi hizi imetokana na uwazi huo, na hakuna haja ya kuibeza. Kosa ni la uhakiki uliouchukua uwazi wa bandari na wa shamba ukaufanya sheria ya kila pambano.

Bukavu: waraka na mji mfu

Tangu Agosti 1998 Bukavu ilikuwa chini ya utawala wa waasi wa RCD walioungwa mkono na Rwanda. Mwishoni mwa Januari na mwanzoni mwa Februari 2000 wakazi wa mji huo waliitikia mwito wa siku zilizoitwa kwa Kifaransa ville morte, yaani mji mfu: maduka yalifungwa, masoko yakawa matupu, watu wakabaki majumbani. Njia hiyo haikuwa ngeni, kwani ilikuwa imekwisha kutumiwa na wapinzani wa Mobutu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Jipya lilikuwa waraka uliotangulia.

Askofu Mkuu Emmanuel Kataliko alihamia Bukavu mwaka 1997, kushika nafasi ya Christophe Munzihirwa aliyeuawa mjini humo Oktoba 1996. Katika ujumbe wake wa Krismasi ya 1999 alishutumu waziwazi uporaji na ukandamizaji uliowalemea watu wake. Februari 2000 wakuu wa RCD, waliomhusisha na mgomo huo, walimzuia asirudi Bukavu, naye akakaa Butembo, jimbo alilokuwa ameliongoza kabla, hadi Septemba. Alifariki Italia tarehe 4 Oktoba 2000, wiki chache tu baada ya kurejea kwa waumini wake.

Mhakiki wa fasihi ana la kusema hapa. Waraka ni utanzu wenye mizizi mirefu katika Kiswahili, tangu nyaraka za kishairi za mwambao. Unamtaja mwandikiwa, unamwita, unamdai jibu. Katika siku za Bukavu jibu halikuwa maneno. Lilikuwa ni kutokuwapo. Kinyume na Kuli, ambamo umati hukusanyika, hapa umati ulitawanyika kwa makusudi, kila mmoja nyuma ya mlango wake. Mtawala aliyezoea kutawanya maandamano kwa bunduki hakuwa na mtu wa kumtawanya. Ndiyo maana hasira ziliangukia kwa mwandishi: mji mtupu haufungiki gerezani, lakini mtunzi wa waraka anahamishika. Kumhamisha kulikuwa ni kukiri kwamba maandishi yake yalikuwa yamesomwa, tena yalikuwa yameeleweka.

Hata hivyo njia hii ina dosari ambayo masimulizi ya sifa hupenda kuificha. Mji mfu humgharimu kwanza mchuuzi wa ndizi na fundi wa viatu, na humgharimu mwisho mwenye akiba. Mwenye ghala anaweza kufa kwa wiki moja, kisha akafufuka. Anayekula leo alichokipata leo hana uwezo huo. Swali hili linakuwa zito zaidi Kamituga.

Kamituga: kugomea nini?

Kamituga ni mji wa dhahabu katika wilaya ya Mwenga, kilometa zipatazo 180 kutoka Bukavu. Dhahabu yake ilichimbwa na kampuni ya Kibelgiji ya MGL wakati wa ukoloni, kisha na SOMINKI iliyoundwa mwaka 1976. Makubaliano ya mwaka 2002 yaliiachia kampuni ya Banro ya Kanada hati za eneo hilo. Sheria ya 1982 ilikuwa imewaruhusu wachimbaji wadogo kuchimba, lakini si ndani ya maeneo yenye hati za kampuni. Kwa hiyo maelfu ya watu wa Kamituga waliposhuka mashimoni waliivunja sheria kila asubuhi. Huo nao ni uasi wa raia, ingawa hauna bango wala hotuba, na aliyeufanya angesema tu kwamba anatafuta chakula.

Ndani ya uasi huo kuna ngazi. Juu yuko mwenye shimo, ambaye watu humwita PDG, cheo cha mkurugenzi wa kampuni. Chini yake wako wachimbaji. Karibu na mwisho yuko mwanamke anayepokea mawe na kuyaponda kwa mchi wa chuma hadi yawe unga. Jina lake linastahili kuchunguzwa: ni mama twangaise, kitenzi cha Kiswahili kutwanga kilichovikwa kiambishi tamati cha Kifaransa. Kazi ya kinu cha nyumbani imepewa sura ya ajira, bila mkataba wala mshahara wa ajira.

Mashine za kusaga mawe zilipoenea, kinu kilipoteza thamani yake, na wanawake hawa walizipinga hadharani. Hapo ndipo kipimo cha zamani kinaposhindwa. Rashidi anapinga kwa kuacha kazi. Mama twangaise anapinga kwa kuidai. Akikunja mikono, hakuna melini inayochelewa wala mlowezi anayepata hasara. Watakaolala njaa ni watoto wake. Mhakiki wa mkabala wa kitabaka angeweza kumwona kuwa ameganda nyuma ya wakati, akigombana na chombo badala ya mmiliki. Lakini usomaji huo haumwoni mwenyewe. Hoja ya mwanamke huyu ni nani aliyeinunua mashine, na ni kwa nini faida yake imempita yeye aliyebeba mawe. Hilo ni swali la umiliki, nalo limeulizwa kwa ukali uleule wa Lanina.

Hitimisho

Kiswahili kina usemi wa kutwanga maji kinuni, wenye maana ya juhudi zisizo na tija. Ni rahisi kuutumia usemi huo dhidi ya mji mfu uliofufuka huku bunduki zikiwa bado zipo, na dhidi ya wanawake walioshindwa na mashine. Bukavu yenyewe ilitekwa tena Februari 2025, safari hii na M23, na maswali ya mwaka 2000 yamerudi yakiwa yaleyale. Lakini tija ya pambano haipimwi kwa ushindi pekee. Hupimwa pia kwa kile ambacho watu wamejifunza kukikataa, na kwa gharama ambayo kila mmoja ameilipa.

Fasihi ya Kiswahili imempa kuli riwaya yake na mfanyakazi wa shamba tamthilia yake. Mji unaonyamaza kwa makusudi na mwanamke anayegombea mchi wake bado wanadai utanzu wao. Mtunzi atakayewaendea hana budi kuuacha mpangilio wa bandarini, na mhakiki atakayemsoma hana budi kukiacha kipimo chake kabla ya kufungua kitabu.