Vichwa vya Kamba

Ukiagiza spageti ya kamba katika mkahawa wa Malindi siku hizi, huenda ikafika mezani kabla hujamaliza kunawa mikono. Ilichemshwa tangu asubuhi, ikapakwa mafuta isigandane, ikawekwa kwenye beseni kumngoja mteja yeyote atakayetokea. Ukitokea wewe, inapashwa moto, inamwagiwa krimu na nyanya ya chupa, na juu yake wanalazwa kamba watatu waliotoka kwenye friza, wakavu, hawana hata harufu ya bahari. Kilicho kibichi hapo ni bei peke yake.

Nanung'unika kwa sababu nimeharibiwa na mzee mmoja wa mtaa wa Muyeye. Mzee huyu alipika katika nyumba za Waitaliano tangu ujana wake mpaka magoti yalipokataa. Aliingia kwa kuosha masufuria, akapewa kumenya vitunguu, akaja akakabidhiwa jiko zima, na Kiitaliano chake chote alikiokota humo humo kati ya sinki na meko. Sasa amepumzika, na mwaka mzima hula ugali kwa samaki kama sisi jirani zake. Ila usiku wa kuamkia Krismasi. Kusini mwa Italia familia nyingi haziweki nyama mezani usiku huo, huwa ni samaki na vitu vya baharini, na mzee aliwapikia wenyewe mlo huo miaka na miaka, yeye akirudi kwake usiku wa manane na kukuta watoto wamelala. Alipoacha kazi alisema sasa ni zamu ya wake. Nyumbani kwake pilau ni ya kesho yake.

Mimi ni Mwislamu na naalikwa kwa ujirani. Wenye chakula chao hutia divai nyeupe kidogo. Mzee anakamua ndimu badala yake, na hajawahi kulitaja jambo hilo mbele yangu. Nililipata kwa mjukuu wake. Kuna mwaka alitia na kaa koko wa hori la Mida, nikala kamba nikamwacha kaa, na masheikh wangu wanajua kwa nini.

Siku ya mkesha kaskazi huwa inavuma na maji yametulia. Alfajiri mzee yuko ufukweni mashua zinapoingia. Hanunui kitu kilichokwisha kupangwa mezani. Ngisi humgusa kwa ncha ya kidole: aliyevuliwa usiku huo, ngozi yake bado ina madoa ya rangi ya damu ya mzee, na ukimgusa madoa yale hufumba na kufumbua. Akikuta ngozi imetulia tuli, imepauka, anapita bila neno. Kamba humshika kichwani akamtikisa. Kichwa kilicholegea shingoni, au kilichoanza kuingia weusi, hakivuki kizingiti cha nyumba yake. Wachuuzi wamemzoea. Wakimwona hawapotezi pumzi kusifia bidhaa, wanamsogezea ndoo achague mwenyewe.

Wageni hulalamika kwamba bahari ya Malindi ina tope wakati wa mvua. Ni kweli. Mto Sabaki huzoa udongo wa bara na kuumwaga hapo kaskazini ya mji, na maji yakageuka rangi ya chai ya maziwa. Lakini tope hilo hilo ndilo linalolisha kamba. Kamba hana shida na picha za watalii. Toka mlango wa Sabaki hadi ghuba ya Ungwana ndiko wanakotoka kamba wetu, na huko ndiko wavuvi wadogo walikovutana muda mrefu na meli zinazokokota nyavu chini ya bahari. Mzee akieleza ukubwa wa kamba wa zamani huweka kiganja mezani, akaonyesha kutoka kifundo cha mkono mpaka ncha ya kidole cha kati. Simbishii, ingawa najua kumbukumbu nayo hunenepesha.

Sasa nije kwenye vichwa.

Majumbani mwetu vichwa vya kamba aghalabu huishia kwa paka. Mzee huvikusanya kwenye karai pamoja na magamba, kwa uangalifu zaidi kuliko anavyozikusanya nyama zenyewe, ambazo huzifunika na kuziweka kando hadi mwisho kabisa. Sufuria anayotumia ni nzito, imeungua nje na kung'aa ndani. Hutia mafuta ya zeituni akiwa nayo, na kitunguu saumu kilichobonyezwa tu kwa ubapa wa kisu, ambacho hukitoa kabla hakijabadilika rangi. Kisha vichwa vyote kwa pamoja.

Hapo hanyamazi yeye tu, hata wajukuu hunyamazishwa, kwa sababu anasikiliza. Mwanzo sufuria inapiga kelele na kurusha matone. Hayo ni maji yanatoka. Kelele ikishatulia na kuwa mchakacho mdogo mdogo, magamba yameacha ukijivu yamekuwa mekundu, na mafuta yenyewe yameanza kugeuka rangi ya machungwa. Asiyejua hufurahia wekundu wa magamba. Mzee huangalia mafuta. Yakikolea, anachukua mwiko na kubonyeza kichwa kimoja kimoja kwenye kitako cha sufuria, taratibu, mpaka ule urojo wa ndani utoke, ushike chini na kuanza kunukia. Ni kazi ya kuinama, na kwa magoti yale si kazi ndogo. Nimewahi kumwambia aketi amwachie kijana. Aliniangalia tu.

Nyanya huwa chache, za kupondwa kwa mkono, na maji ya kufunika vichwa. Yakitokota hayaachwi kwa muda mrefu. Magamba yakikaa motoni kupita kiasi hutoa uchungu. Halafu anachuja, na huko kuchuja kwenyewe ni kukamua: anakandamiza vichwa kwenye kichujio mpaka vibaki makapi. Mwaka juzi mjukuu, msichana wa kidato cha tatu, alikuwa amesimama na simu anarekodi. "Weka simu, mama, shika kichujio," akaambiwa. Akashika. Kilichopatikana kutoka kwenye karai zima la vichwa ni bakuli moja la mchuzi mzito wenye rangi ya kutu. Chakula ni hicho. Kamba watakaoonekana juu ya sahani, wale wanaopigwa picha, ni mapambo yanayolika.

Kuna wanaosema haya ni mapishi ya wazungu, kwa nini mtu ayaombolezee. Wanaosema hivyo Idi ikifika wanakula tambi za sukari na iliki bila kuuliza zilitoka wapi. Mwanajiografia al-Idrisi, Mwarabu aliyefanya kazi katika kasri ya Mfalme Roger wa Pili wa Sicily, alikamilisha kitabu chake mwaka 1154. Humo anataja kijiji cha Trabia, karibu na Palermo, ambako tambi zilitengenezwa kwa wingi na kupakiwa majahazini kupelekwa nchi za Waislamu na za Wakristo. Katika kitabu hicho hicho anautaja Malindi, mji wa pwani ya Wazanji, na kusema watu wake ni wavuvi na wawindaji. Kalamu moja ilishaziandika tambi na Malindi zaidi ya miaka mia nane iliyopita. Alikosekana wa kuziweka sufuria moja.

Aliyeziweka alikuja kwa njia ya ajabu kidogo, kwa roketi. Katika miaka ya 1960 Waitaliano walijenga kituo cha San Marco huko Ngomeni, majukwaa yamesimama juu ya bahari, na tarehe 26 Aprili 1967 wakarusha setilaiti kutoka hapo. Tarehe 12 Disemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, iliruka nyingine iliyopewa jina Uhuru, ikaenda kupima eksirei za mbinguni. Vitabu vinaitaja mitambo na wahandisi wake. Kwamba wahandisi walikuwa wakila mchana na usiku, na chakula hicho kikahitaji watu wa kukipika, halimo vitabuni. Baadaye zikaja hoteli zao, zikaja nyumba za kifahari zenye bustani, na kila nyumba ikataka mpishi. Vijana wa Kigiriama, wa Kibajuni, wa Kiswahili wakaingia majikoni wakiwa na kitu ambacho mabwana zao hawakuwafundisha, nacho ni kumjua samaki. Mtu aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa kamba aliyechacha ananukaje. Ndiyo sababu siwezi kuiita kazi ya mzee huyu kuiga. Roma ilileta pakiti ya spageti. Kidole cha kumgusa ngisi kilikuwa hapa hapa.

Pakiti yenyewe huichagua kwa macho. Spageti zinazoteleza na kung'aa hazitaki. Anataka zinazokwaruza, zenye kama vumbi la unga juu yake, zilizopitishwa kwenye matundu ya shaba na kukaushwa polepole kama wanavyofanya Gragnano, karibu na Napoli, kwa sababu uso unaokwaruza hushika mchuzi na uso laini huutema. Madukani kwetu si rahisi kuzipata. Huweka oda mapema kwa mtu anayemjua, na bei yake humfanya anune hadi Mwaka Mpya.

Maji yanapochemka, watu wote wanatakiwa wawe wamekwisha kaa. Hapo ndipo ukali wake wote unapotoka. Aliyekwenda kupokea simu, aliyetoka kuegesha bodaboda, anatumiwa mtoto wa kumwita, na spageti haiingii majini mpaka arudi. Chumvi anaitia kwenye maji, anaonja, anatia tena. Ngisi waliokatwa pete wanapita motoni dakika moja na kitu, wanatolewa. Wakikaa zaidi wanakakamaa, na ili walainike tena itabidi uwapike zaidi ya nusu saa. Nyama za kamba hivyo hivyo, kuingia na kutoka. Ule mchuzi wa vichwa unarudishwa kwenye sufuria pana, na spageti zinaopolewa majini zikiwa bado na kiini kigumu, zinamaliziwa humo. Anaongeza upawa wa maji yake ya kuchemshia, yale meupe yenye wanga, kisha anaishika sufuria kwa mikono miwili na kuizungusha na kuitikisa, chakula kinaruka na kurudi. Kwa muda mfupi mchuzi na spageti vinakuwa vitu viwili. Halafu ghafla mchuzi unakaza, unang'aa, unashikamana, na ukitikisa husikii tena majimaji. Zima moto. Ngisi, kamba, majani ya prezzemolo, ndiyo parsley, kama bustani ya mtu inayo, dania kama haina. Jibini hata usiitaje.

Kinachofuata ni kula, na kula huwa kimya, maana zikipoa zimekwisha.

Nikiwaza kwa nini ufundi huu unatutoka, jibu la kwanza ni la kawaida: haraka. Mkahawa hauna muda wa kukamua vichwa, mteja naye hana muda wa kungoja maji yachemke. Hoteli kadhaa zimefungwa, wenye nyumba wamezeeka, wengine wamerudi kwao na mageti yameota kutu. Lakini kuna jibu jingine ambalo haliniachi nilaumu kwa raha. Huu ulikuwa ufundi wa boi. Ndivyo alivyoitwa mzee wetu, boi, hata alipokuwa na wajukuu, na mshahara wake ulisomesha watoto ili yeyote kati yao asije akaitwa hivyo. Wamesoma. Mmoja ni mhasibu, mwingine yuko bandarini Mombasa. Wakija Disemba wanaleta soda na keki, wanamkumbatia baba yao, na hakuna anayejua mafuta ya vichwa hugeuka rangi lini. Nani atamlaumu nani? Mjukuu wa kidato cha tatu anajua kushika kichujio, na huo ndio urithi wote uliopo mpaka sasa.

Mwaka jana hoteli moja ilisikia habari zake ikamwalika kufundisha vijana wake wa jikoni kwa asubuhi moja. Alifurahi kuliko alivyotaka tuone. Alifua koti lake jeupe la zamani, akalipiga pasi yeye mwenyewe, akaenda kwa tuktuk saa moja kasoro. Vijana walikuwa wamepangwa mstari, na mezani kulikuwa na mfuko wa kamba wa barafu, wamekwisha kumenywa na kukatwa. Akauliza vichwa viko wapi. Meneja akamwambia kwa adabu kabisa kwamba vichwa huwa haviletwi, vinachafua. Mzee akautazama ule mfuko, akausogeza pembeni. Akawaambia vijana somo la leo ni kuchemsha maji. Akawafundisha kuchemsha maji, kutia chumvi na kuonja, kila mmoja kwa zamu yake, mpaka saa sita.