Port Grimaud: Mji Uliochorwa Kuanzia Majini

Wanaoisifu Port Grimaud, mji wa mifereji kusini mwa Ufaransa, huzisifu kuta zake za rangi ya pichi na paa zake za vigae. Kuta ni nzuri kweli. Ila ustadi wenyewe umo katika hesabu ya udongo na maji.

Msanifu majengo François Spoerry, mzaliwa wa Mulhouse, alinunua kinamasi kilichokuwa mwishoni mwa Ghuba ya Saint-Tropez, karibu na mlango wa mto Giscle. Alipenda sana kusafiri kwa tanga, na alitaka mtu atoke sebuleni, avuke bustani ndogo, apande mashua yake. Ujenzi ulianza mwaka 1966.

Tatizo lilikuwa ufukwe. Kiwanja kilikuwa kipana lakini kilipakana na bahari kwa kipande kifupi tu, na nyumba za mbele zingezinyima za nyuma maji. Spoerry aliiingiza bahari ndani ya kiwanja. Mifereji ilichimbwa, na udongo uliotoka ukainua ardhi ya kandokando. Jembe lilelile lililotoa kina cha kuelea mashua likatoa na mahali pakavu pa kujenga. Zikabaki rasi na visiwa vyembamba, vyenye upana wa kutosha nyumba, bustani na njia. Takriban kilomita 7 za mifereji zilizaa zaidi ya kilomita 12 za gati, kwa kuwa kila mfereji una kingo mbili.

Uamuzi huo ndio uliozaa mengine. Mashua ikishakaa mlangoni, gari halina tena sababu ya kuwa hapo. Maegesho makubwa yakawekwa nje, vichochoro vikabaki vya waendao kwa miguu. Nyumba zilishikana ukuta kwa ukuta, lakini kimo, madirisha na rangi vilibadilishwa ili safu isichoshe macho. Kanisa la mji lilipata vioo vya rangi vya msanii Victor Vasarely.

Wasanifu wa usasa waliuita mji huu uigaji wa vijiji vya kale. Miaka hiyohiyo, kinyume chake, msanifu Jean Balladur alikuwa akijenga mji wa La Grande-Motte, wenye majengo makubwa mfano wa piramidi. Kwangu, ubishi huo wa sura za nyumba uliacha kando swali zito zaidi, la maji yenyewe. Kupwa na kujaa kwa Mediterania ni kudogo mno, hata nusu mita ni nadra. Ndiyo maana gati za Port Grimaud ziko chini, karibu na uso wa maji, na hazihitaji kuelea. Udogo huohuo unaifanya mifereji ya ndani isafishike polepole.

Kwetu Afrika Mashariki mambo ni tofauti: Zanzibar na Mombasa, wakati wa bamvua, maji hupanda na kushuka karibu mita 4. Mchoro wa Spoerry ukihamishiwa huku ulivyo, mashua zitalala kwenye tope mara mbili kwa siku. Anayepanga mji wa namna hii kwenye pwani yetu aanze na jedwali la maji kupwa na kujaa, na aihesabu mikoko atakayoikata, kabla hajachora nyumba hata moja.